Siku Milia Iliposogea

Ninyi mnaokuja Jumamosi pale Rhonda kujifunza kutengeneza kurasa za wavuti, mlinisumbua wiki iliyopita mkitaka kujua kwa nini nawauliza swali moja kila mnaponionyesha jedwali. "Ukiongeza mstari mmoja hapo juu, nini kitatokea?" Mmoja wenu, simtaji, alinong'ona kwamba huyu mathe ana wasiwasi wa bure. Wasiwasi ninao, nakubali. Nimestaafu, magoti yananiuma, na bado nikiona jedwali lenye rangi mbili zinazopishana, naanza kuhesabu mistari kutoka juu. Lakini si wa bure. Nitawaambia ulikotoka, na mkishasikia mtaamua wenyewe.

Mimi ni mtoto wa landhies, mtaa wa wafanyakazi wa reli. Baba alitoka Bungoma kuja kutengeneza mabehewa ya reli hapa Nakuru, na sisi sote tukazaliwa kwenye zile nyumba za mawe karibu na stesheni. Sikusoma kompyuta popote. Niliajiriwa kupiga chapa kwa Mzee Ouma, aliyekuwa na duka la kuchapisha kadi za harusi, kalenda na programu za mazishi. Wateja walipoanza kuulizia mambo ya mtandao, alinunua kompyuta moja akanikalisha mbele yake. "Nanjala, hii ni karatasi isiyoisha. Jifunze." Hayo ndiyo yaliyokuwa masomo yangu.

Wakati huo kupaka milia kwenye jedwali ilikuwa kazi ya mkono. Ninyi hamjui raha mliyo nayo. Kila mstari ulikuwa unauandikia rangi yake: huu mweupe, huu kijivu, huu mweupe, huu kijivu, hadi chini. Mteja akitaka kuingiza jina moja katikati, unaanza kupaka upya kuanzia hapo. Niliwahi kupaka upya orodha ya shule nzima kwa sababu ya mtoto mmoja aliyesahaulika, na jina lake lilianza na A. Nilimchukia mtoto yule na sijawahi kumwona.

Kisha ikaja amri ya nth-child, yaani "mtoto wa ngapi". Unaandika tr:nth-child(2n) mara moja tu, na mistari inajipaka yenyewe: wa pili, wa nne, wa sita. Ukitaka wa kwanza, wa tatu na wa tano, unaandika 2n+1. Siku niliyoijaribu niliongeza mstari, nikaufuta, nikauongeza tena, huku nikicheka peke yangu hadi Mzee Ouma akaja kuangalia kama niko sawa.

"Inajuaje ni zamu ya nani?" akauliza.

"Haijui, mzee. Inahesabu watoto wa mzazi mmoja, kuanzia wa kwanza."

"Hata wale wasiohusika?"

Nikageukia skrini, nikaongeza mstari mwingine. Nilikuwa na furaha sana.

Mzee Ouma alikuwa na tabia moja iliyoniudhi. Kila ukurasa niliomaliza, aliuchapisha, akaupitisha kwenye mashine yake kuukuu ya fotokopi iliyotoa karatasi nyeusi-nyeusi zenye madoa. Halafu alimwita mtu yeyote aliyepita barabarani asome. Mtu akisoma bila kuuliza, kazi imeisha. Akiuliza, narudi kwenye kiti. Alisema rangi ikitolewa na msomaji akapotea, basi hatukuwa tumemwandikia kitu, tulikuwa tumempakia rangi tu. Alipofariki niliendelea na kazi peke yangu, na mashine ile ikauzwa na vyombo vingine vya duka. Mimi sikuona haja ya kununua nyingine.

Onyo nililipata mapema, kwa wakulima wa viazi wa Kuresoi. Nilikuwa nimewatengenezea orodha ya mbegu, na juu yake kitufe cha kuchagua: ukibonyeza "Molo", mbegu za mahali pengine zinafichwa. Mwenyekiti wao akanipigia simu.

"Mama, punda milia wako ameugua."

"Vipi?"

"Mistari mitatu nyeupe inafuatana, halafu miwili ya kijivu, halafu nyeupe moja. Wazee hapa wanauliza kama hizo tatu ni mbegu za aina moja."

Mistari iliyofichwa ilikuwa bado inahesabiwa. Kwa nth-child mtoto aliyejificha chini ya kitanda bado ni mtoto wa nyumba hiyo. Siku hizi unaweza kuiambia ihesabu wa kundi fulani tu, kwa kuongeza neno "of" na jina la kundi ndani ya mabano, lakini wakati huo haikuwezekana. Nikarekebisha, tukacheka, nikaletewa gunia la viazi. Nililopaswa kulishika ni lile swali la wazee: watu walikuwa wanaisoma rangi. Kwangu ilikuwa urembo, kwao ilikuwa habari. Nikala viazi, nikasahau.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Upande wa Lanet palikuwa na nyumba ndogo ya kutunza wazee. Wazee kumi na wawili, wahudumu wachache, na matron mmoja aliyesomea uuguzi, mama wa Kisii mwenye bidii aitwaye Nyaboke. Aliniomba nimtengenezee ukurasa wa dawa, utakaoonekana kwenye skrini iliyotundikwa ukutani katika chumba cha dawa. Wahudumu hawakuwa wauguzi. Dawa zilikuwa ndani ya makopo yenye namba, na skrini ingewaambia: mzee fulani, mchana, kidonge kimoja, kopo la tano.

Nilimpa kila mzee mistari miwili. Wa juu jina, wa chini dawa. Kisha nikapaka rangi kwa jozi: mistari miwili ya kwanza myeupe, miwili inayofuata kijivu, miwili myeupe, hivyo hivyo. Kwa kuhesabu kwa nne: 4n+1 na 4n+2 nyeupe, 4n+3 na 4n kijivu. Nilijivunia sana hesabu hiyo. Mwanzoni nilikuwa nimeweka mipaka kati ya mzee na mzee, na majina kwa herufi nzito. Nikaviondoa vyote, kwa sababu vilionekana vya kizamani. Ukurasa ukawa safi, mtulivu, rangi mbili tu. Matron aliupenda.

"Hii hata mtu mpya ataelewa," akasema. "Rangi moja, mtu mmoja."

Hivyo ndivyo alivyowafundisha wahudumu. Rangi moja, mtu mmoja.

Nilijaribu, msidhani sikujaribu. Nilijaribu wazee watatu, wazee ishirini, mzee mmoja. Nilifuta mzee wa katikati. Milia haikuyumba, maana kila mzee aliingia na mistari miwili na kutoka na miwili. Na kwa kuwa matron alichoka kunipigia simu kila akitaka kubadilisha kitu, nilimwekea kitufe cha kuongeza mstari mahali popote. Sikujiuliza angeongeza nini.

Jumamosi moja tulikuwa Kikopey, mimi na mume wangu, Baba Nekesa, tukila nyama na ndugu zake waliopita wakielekea Bungoma. Ilikuwa kama saa saba kasorobo za mchana. Simu ikalia, ni matron, sauti imejaa furaha.

"Mama Nekesa! Leo utanipongeza. Nimeongeza tangazo kwa ile page mimi mwenyewe, bila kukusumbua."

"Hongera! Umeandika nini?"

"Dawa za mchana zitolewe mapema, tuko na wageni wa kanisa. Nimeweka hapo juu kabisa ndio kila mtu aone. Sasa wacha nikimbie, wameanza kufika."

Akakata. Nikachukua kipande cha nyama, nikakichovya kwenye chumvi.

"Nani huyo?" Baba Nekesa akauliza.

"Matron. Ameongeza mstari mmoja juu."

Nilipolisema kwa mdomo wangu ndipo nikalisikia. Kipande kikabaki mkononi. Nikakirudisha kwenye ubao, nikaanza kupanga vipande kimoja kimoja, shemeji zangu wakinitazama. Viwili vya Mzee Kiprono, kitanda cha kwanza: jina, dawa. Viwili vya Shosho Wambui, yule bibi wa kitanda cha pili: jina, dawa. Viwili vya Mwalimu Otieno, kitanda cha tatu. Halafu nikaweka kipande kimoja cha mafuta mwanzoni, kiwe tangazo, nikahesabu upya viwili viwili.

Tangazo na jina la Kiprono: nyeupe. Dawa ya Kiprono na jina la Wambui: kijivu. Dawa ya Wambui na jina la Otieno: nyeupe.

Kila mzee alikuwa amefungiwa rangi moja na dawa ya jirani yake. Na Mzee Kiprono alikuwa na ugonjwa wa sukari, kidonge chake ni cha kuishusha. Shosho Wambui hakuwa nao.

Nikapiga simu ya matron. Ikalia hadi ikakatika. Nikapiga tena. Nikapiga ile ya nyumba, ikasema haipatikani. Nikafungua ukurasa kwenye simu yangu, mtandao ukavuta pole pole, na ulipofunguka niliuona kwa macho: mlia wa kijivu, juu "kidonge kimoja, kopo la tano", chini "Wambui". Ukurasa safi, mtulivu, unaodanganya. Neno la siri la kuufuta mstari ule lilikuwa kwenye laptopu nyumbani. Na hata ningeufuta, kidonge kilichokwisha kumezwa kimemezwa.

"Tuende Lanet," nikamwambia mume wangu.

"Nyama je?"

"Baba Nekesa, twende!"

Sijui kama mmewahi kuwa na haraka barabara ile Jumamosi. Malori yalikuwa yamejipanga kuelekea Mbaruk, moja nyuma ya jingine, yanapanda kama yamefungwa kamba. Baba Nekesa ni dereva mwangalifu. Kwa miaka yote nilimsifu kwa hilo, na siku hiyo nilitaka kumnyang'anya usukani. Nikapiga simu. Nikahesabu. Nikapiga. Nilikuwa najiambia labda mhudumu ni wa zamani, anawajua wazee na dawa zao, atashtuka. Labda atasoma vizuri, ataona jina liko chini badala ya juu. Halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyeondoa herufi nzito. Nikakumbuka niliondoa mipaka. Kila nilichokumbuka kilikuwa kitu nilichokitoa kwa mikono yangu ili ukurasa upendeze.

"Bado hawashiki simu," akasema Baba Nekesa.

"Endesha."

Tulifika kama saa nane na robo. Uani wageni wa kanisa walikuwa wanaimba, kreti za soda zimepangwa kwenye nyasi, matron yuko katikati akipiga makofi. Sikumwendea. Nilikimbia ndani kwenye sebule ya wazee. Shosho Wambui alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, kichwa kimelala begani, jasho linamtiririka usoni ingawa kulikuwa na baridi. Msichana ambaye sikumjua alikuwa amepiga magoti mbele yake, anampepea kwa gazeti.

"Ana homa," akaniambia, karibu kulia. "Nimemwita lakini hanijibu vizuri. Nimetuma mtu amwite matron."

Jina lake lilikuwa Jerotich. Ilikuwa siku yake ya pili kazini.

"Ulimpa dawa?"

"Ndio, mapema, vile imeandikwa."

"Kopo gani?"

"La tano."

Nilirudi mlangoni nikapiga kelele ambayo kwaya iliisikia. "Matron! Ni sukari! Amemeza dawa ya Mzee Kiprono!"

Nyaboke alikuja mbio. Huyo mama ana umbo kubwa lakini siku hiyo alikuja mbio. Alichoma kidole cha Shosho, akaweka damu kwenye kipimo, akakitazama, na uso wake ukabadilika. "Imeshuka sana. Leteni sukari na maji! Haraka!" Jerotich akaleta. Wakampa kwa kijiko, kidogo kidogo, matron akimshika kidevu na kumwambia, "Meza, Shosho. Meza, mama. Moja tena." Mimi nilisimama ukutani, mikono yangu bado inanuka nyama. Sikuwa na la kufanya. Kazi yangu haina kijiko.

Gari la hospitali lilipofika, Shosho alikuwa ameanza kufungua macho. Aliuliza kwa nini watu wameacha kuimba.

Wengine hawakudhurika. Mzee Kiprono hakupewa chochote, kwa sababu rangi yake ilikuwa na tangazo tu, bila dawa. Na Jerotich alipofika kwa Mwalimu Otieno na kidonge cha Shosho, mzee yule aliyefundisha miaka mingi alikitazama akasema, "Binti, rudi ukasome tena. Mimi dawa yangu si ya rangi hii." Hapo ndipo Jerotich aliposimama, akaingiwa na shaka, akaenda kumtafuta matron, akamkosa kwenye umati wa wageni. Aliporudi, Shosho alikuwa ameanza kutoka jasho.

Jioni hiyo nilifika kwenye laptopu yangu, nikafuta tangazo. Milia ikarudi mahali pake, tulivu kabisa, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo aibu yangu ilipo. Nilikuwa nimesema Shosho amepewa dawa ya Kiprono. Sikuwa nimesema kwa nini. Katika ile fujo hakuna aliyeniuliza nilijuaje, na kila mtu alidhani Jerotich alisoma vibaya. Jumapili asubuhi matron alinipigia simu. Shosho alikuwa anaendelea vizuri, angekaa hospitalini siku mbili waangalie sukari isishuke tena.

"Asante kwa kukimbia," akasema. "Mungu ndiye alikutuma. Huyu msichana nilimwambia, rangi moja, mtu mmoja. Kitu rahisi hivyo! Kesho kamati inakaa. Ataenda nyumbani."

Nilifungua mdomo. Nikasema, "Sawa, matron. Tuzidi kuomba."

Nilienda kanisani nikakaa, nikasimama, nikaimba, na sikusikia neno hata moja. Niliwaza hivi: mstari umefutwa. Hakuna mtu Nakuru hii yote atakayeuona tena. Katika nyumba ile hakuna anayejua nth-child ni kitu gani. Nilikuwa nimebakiza miaka michache ya kazi, na wateja wangu wote walinijia kwa kusikia jina langu kwa wengine. Nikijitangaza kwamba ukurasa wangu nusura umuue shosho, nani atanipa kazi? Na msichana ni kijana, atapata pengine. Nilijiambia hivyo mara nyingi hadi chakula cha mchana kikanikwama. Baba Nekesa alinitazama kutoka upande wa pili wa meza.

"Uliniambia pale Kikopey ni mstari," akasema. "Vile ulikuwa unapanga nyama. Ni mstari ama ni msichana?"

"Ni mstari."

Alinisogezea glasi ya maji. Aliendelea kula.

Jumatatu nilienda na laptopu. Kamati ilikuwa watu wanne kwenye chumba cha kulia, mwenyekiti akiwa mchungaji mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Jerotich alikuwa kwenye benchi nje ya mlango, amevaa nguo ya kanisani, mkoba umewekwa mapajani kama mtu anayengoja gari. Aliniamkia. Niliitikia bila kumwangalia.

Ndani niliomba nizungumze kwanza. Nikafungua ukurasa, nikawaonyesha wazee na rangi zao. "Someni dawa ya Shosho Wambui," nikasema. Wakasoma vizuri, kopo la pili. Kisha nikaandika tangazo la matron palepale juu, neno kwa neno, nikageuza skrini.

"Someni tena. Fuateni rangi."

Mchungaji alisogeza miwani. "Kopo la tano," akasema. Halafu akamtazama matron.

Matron alisimama, akaja karibu, akaweka kidole chake kwenye skrini, akakishusha polepole mstari kwa mstari. Alipofika chini alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu naye, si chake.

"Ni mimi niliandika tangazo," akasema.

"Uliandika kwa kitufe nilichokupa, matron. Ulikuwa na haki ya kuandika. Mimi ndiye nilifanya rangi iseme nani anameza nini, na rangi yenyewe haijui jina wala dawa. Inahesabu tu."

"Na ulijua tangu lini?" mchungaji akauliza.

Hilo ndilo swali nililoliogopa usiku kucha. "Tangu Jumamosi."

"Na jana?"

"Na jana nilijua."

Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akamwambia matron amwite msichana aingie.

Kamati iliamua Jerotich aendelee na kazi. Kuhusu ukurasa wangu, waliuzima siku hiyo hiyo na kurudi kwenye daftari, na sikuwa na neno la kuwapinga. Baadaye waliniruhusu kuutengeneza upya. Nilitia jina na dawa ndani ya mstari mmoja, visiweze kutenganishwa na chochote. Jina herufi nzito. Mpaka mweusi kati ya mzee na mzee, wa kizamani kabisa. Tangazo nikalitoa nje ya jedwali, likapata sanduku lake juu ambalo halihesabiwi na mtu. Nth-child niliiacha mahali pake, ndiyo, msifikiri niliikimbia. Milia bado inasaidia jicho kufuata mstari mrefu. Lakini niliuchapisha ukurasa kwenye karatasi, kwa nyeusi na nyeupe tu, nikampa mama anayeuza mahindi langoni asome, akasoma wote kumi na wawili bila kukosea. Ndipo nikauwasha.

Wateja wawili waliniacha waliposikia. Mmoja alirudi. Hayo ni ya kawaida.

Shosho Wambui nilienda kumwona aliporudi kutoka hospitalini. Nilimweleza kadiri nilivyoweza: kwamba mimi ndiye wa kompyuta, kwamba rangi zilisogea, kwamba kosa lilikuwa langu. Alinisikiliza akiwa amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa na joto la kawaida, nililipima kwa hofu kama daktari.

"Sasa mimi nilikuwa rangi gani?" akauliza.

"Kijivu, Shosho."

Alifikiri kidogo. "Ungeniweka nyekundu," akasema. "Mimi napenda nyekundu." Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nilipotoka nilimkuta Jerotich akianika mashuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuwa naye peke yetu. Nilisaidia kushika shuka upande mmoja, tukalinyoosha, tukalitundika. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha njia nzima kutoka mjini, na yote yakanitoka kichwani.

"Wangekufukuza kwa ajili yangu," nikasema. "Na mimi ile Jumapili nilikuwa tayari kunyamaza. Ni vizuri ujue hivyo."

Alichukua shuka lingine kwenye beseni, akalikamua.

"Mama Nekesa," akasema, "ungenyamaza, hakuna mtu angejua."

"Wewe ungejua hukukosea."

Akatikisa kichwa. "Hata mimi singejua. Nilisoma ile screen na macho yangu, na Shosho akazidiwa. Hiyo Jumapili yote nilikuwa nimeshajua ni mimi. Nilikuwa nimewaambia watu wetu nyumbani ni mimi." Alinikabidhi pembe ya shuka. "Ningezeeka nikijua ni mimi."

Nilishika pembe ile. Upepo ulilijaza shuka, na kwa muda hatukuweza kuonana.